Risasi Niliyoifunga Upande Mzito

Motokaa ya Bwana Miwani ilianza kucheza yenyewe katikati ya mbuga ya Bahi, mchana kweupe.

Sisemi iliyumba. Ilicheza. Mabati yaligongana hadi sisi wanawake tuliokuwa tunakwangua chumvi tukaacha kazi na kusimama.

Wenzangu walidhani imepandwa na pepo.

Pepo mwenyewe nilikuwa mimi.

Kaeni niwaambie.

Enzi hizo Mjerumani ndiye serikali, na reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu. Bwana Miwani alikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Nasema mnunuzi kwa adabu. Alikuja na askari, akachagua fahali, akaondoka naye.

Motokaa yake ilishushwa kwenye behewa, na watu walitembea kutoka Chamwino kuja kuishangaa.

Dereva wake aliitwa Swedi. Kanzu safi, maneno mengi.

Shida ilikuwa miiba ya Ugogo. Kila mpira ukitoboka, Swedi aliuvua, akauziba, akaurudisha kwenye gurudumu ovyo ovyo. Gari likishika kasi linatetemeka mpaka miwani ya Bwana inamruka puani.

Ndipo akaitwa baba yangu, Matonya, mhunzi.

Baba aliliinua gari kwa gogo, gurudumu likaning'inia huru. Akalizungusha, akaliacha. Likasimama. Akalizungusha tena. Upande uleule ukarudi chini.

"Raheli, unaona? Hapo ndipo pazito."

Akaponda kipande cha madini ya risasi, akakifunga kwa waya upande wa pili, ule mwepesi. Akazungusha tena. Sasa gurudumu lilisimama popote.

Nilielewa palepale. Mimi ni mpiga ngoma ya muheme, ya wanawake wa Kigogo. Ngoma naibana mapajani, kwa hiyo mtetemo naujua mwilini kabla haujafika sikioni.

Gari likaenda laini kama maziwa yanayomiminwa kibuyuni. Bwana akauliza fundi ni nani.

"Mimi, Bwana," Swedi akapiga kifua. "Huyu mzee kanishikia gogo tu."

Baba akaokota nyundo yake, akarudi nyumbani. Tangu hapo akawa anaitwa kwa siri, na sifa zinakwenda kwa Swedi.

Siku moja, muda mfupi baada ya Bwana kumchukua fahali wa baba, gari likatetemeka vibaya njiani na kumtupa Bwana kwenye miiba. Alirudi uso umechanika.

"Nilimwachia Matonya gurudumu moja tu," Swedi akasema. "Kaliharibu kusudi!"

Baba akalazwa kifudifudi mbele ya watu. Hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano ya kiboko.

Swedi ndiye aliyemshika miguu. Na alicheka. Alihesabu kila pigo kwa sauti, kama anahesabu mbuzi wanaoingia zizini, huku ananitazama mimi.

Bwana akatoa amri: "Kuanzia leo asiguse mtu magurudumu yangu ila Swedi." Swedi akaapa mbele ya umati kwamba hatamruhusu yeyote.

Baba hakuinua nyundo tena. Mgongo ulikataa.

Sikumuuliza baba kitu. Niliingoja siku yangu tu.

Ikaja kwa miguu yake. Ilisikika kwamba mkubwa mmoja anakuja kwa treni kutoka pwani, na Bwana atampeleka Bahi kwa motokaa. Mipira yote ilikuwa imevuliwa na kurudishwa. Swedi akatokea mlangoni pa tembe letu.

"Mbukwa, binti Matonya."

"Leo umejifunza Kigogo?"

"Dada yangu, usinitanie. Gari linatetemeka. Mzee hawezi kuamka, lakini wewe unajua. Nisaidie."

"Si umeapa asiguse mtu?"

"Ndiyo maana nakuomba kimyakimya! Wakijua natengenezewa na mwanamke nitaiweka wapi sura yangu?"

"Basi twende kwenye banda la gari, usimame mlangoni ulinde. Ugeuke huko, wasione unaangalia nini."

Tulipofika, akageuka. Mwanamume mzima alinilindia mlango nimtengenezee kaburi.

Magurudumu matatu niliyasawazisha vizuri. La nne, la mbele, nililizungusha, likaonyesha upande wake mzito, nami nikafunga risasi palepale. Kwa ndani, asione.

Akalijaribu gari mjini. Laini kabisa, maana kwa mwendo wa punda kosa la namna hiyo halisikiki. Linasubiri kasi.

"Dada, una mikono ya dhahabu!"

"Nenda salama, kaka."

Siku ya tatu, nami nimekwisha kutangulia Bahi kwenye chumvi, njia ya huko ilinyooka, mgeni akataka kuona mbio. Mengine mmeshasikia. Gari lilicheza, usukani ukamponyoka Swedi, na yule mkubwa akaruka kichwa mbele hadi kwenye tope jeusi. Alipoinuka, yalionekana macho tu.

Swedi alirudishwa mjini, akalazwa palepale alipolazwa baba. Nami nilikuwa nimerudi na mzigo wangu wa chumvi, nikasimama mstari wa mbele.

"Ni huyu!" akapiga kelele. "Ni Raheli kafunga!"

Bwana akanitazama, mwanamke mwenye chumvi mikononi.

"Huyu? Wewe si uliapa hagusi mtu?"

Bwana akampa askari ishara. Kiboko kikashuka.

Nikahesabu kwa sauti. Nikacheka.

Nilikimbia nyumbani kumpa baba zawadi yake. Nikamsimulia yote. Hakutabasamu.

"Mwanangu," akasema, "siku ile risasi niliifunga mimi upande mzito. Kwa makusudi. Niliumia kwa fahali wangu aliyechukuliwa. Nilitaka Bwana avunjike shingo."

"Kwa hiyo Swedi..."

"Alisema kweli."

Akajigeuza kwa shida mkekani. Kisha baba akasema, "Kamwombe radhi."

Nimelifikiri neno hilo tangu siku ile. Mnaonisikiliza, chukueni funzo hili: ukiitwa kumshika miguu mtu anayechapwa, hata kama ana kosa, shika ukiwa umeinamisha uso. Usicheke mbele ya mtoto wake.

Swedi alisema kweli, nakubali. Lakini alicheka.

"Baba," nilimjibu, "siendi."

Sikwenda. Na nikimkuta huko ahera, simwombi radhi.