Fremu ya Mpiga Picha

Mpiga picha aliyepakana na duka la Hanifa pale Karatu ana kamera ndogo kama pakiti ya majani ya chai, ila ameivalisha fremu ya chuma pande zote. Miaka saba sasa fremu hiyo inagongana na milango ya magari ya watalii Ngorongoro na kula vumbi la Mang'ola, hata rangi imebanduka pale vidole vyake vinaposhika. Kila asubuhi huvua kibisibisi anachokivaa shingoni, akakaza skrubu moja moja.

"Jirani, hiyo kamera au sanduku la benki?" Hanifa humtania.

"Acha tu, dada."

Juzi skrubu moja ilikatika, ikabidi aifungue fremu yote juu ya kaunta ya Hanifa. Kamera ilitoka mpya kabisa. Kwenye kitako chake palikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

"Mke wangu, Mama Tluway, alilitia yeye mwenyewe, nisije nikabadilishana kamera na wenzangu harusini," alisema. "Tulipotoka kumzika nikaona mkono wangu umeanza kulifuta."

Hakuligusa. Alilipuliza vumbi taratibu, akarudisha fremu.