Kafuri kwa Walio Hai

"Huyo na diploma yake hawezi hata kuchemsha chai." Ndivyo walivyosema watu wa Gisenyi, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, niliporudi kutoka Tanzania na kutangaza kwamba nitatoa kafuri kwenye majani. Nami niliweza. Kivumbasi nilikipanda kijijini Nyundo, nje ya mji, kwa mbegu nilizokuja nazo. Pipa niliazima kwa jirani, bomba la shaba kwa fundi wa friji. Nilichemsha majani, mvuke ukapita kwenye bomba lililozama katika maji baridi, mafuta yakatiririka. Yakipoa, chembe nyeupe kama chumvi hujitenga. Hiyo ndiyo kafuri. Hapa mjini hakuna mwingine aliyejua kazi hiyo, na sioni haya kukuambia.

Nakumbuka asubuhi niliyopeleka dawa yangu sokoni, karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpakani. Mafuta yote, pamoja na kafuri yake, nilikuwa nimeyachanganya na vaselini, dawa ya kifua kwa watu wazima. Akapita Mama Asha, mchuuzi wa vitenge aliyevuka kila siku kutoka Goma. Nikampaka mkononi kabla hajasema ndiyo. Akanusa, akarudi nyuma.

"We papa, iko nini hii?"

"Kafuri safi, mama. Nina diploma ya kemia."

"Diploma yako nipake wapi? Hii ndiyo walimupaka bwana yangu wakati wa kumuosha! Hata arobaini yake bado."

Wachuuzi wa jirani wakasogeza bidhaa zao mbali nami. Mimi, badala ya kumpa pole, nikaanza kumweleza faida za kafuri. Hadi jioni hakuna aliyegusa kopo hata moja. "Papa wa maiti," walinong'ona wakipita. Na nyumbani, mwanangu, hatukuwa na kazi nyingine ya kutulisha.

Mzee Hamisi, mwosha maiti wa msikitini, alikuja akakaa kando yangu.

"Kijana, dawa yako sina shaka nayo," alisema taratibu. "Lakini yule mama umemurudishia maziko mkononi, halafu unamufundisha? Enda umusalimie kwanza. Dawa itangoja."

Nilikwenda penye vitenge vyake na vikombe viwili vya chai. Mama Asha alinihadithia habari za mumewe mpaka chai ikapoa vikombeni, nami nikasikiliza tu. Mwishowe akafuta macho.

"Bon. Kama unaweza kutoa ile harufu, mi nitanunua. Kifua iko inanisumbua."

Nikarudi kwenye pipa, nikachemsha majani mapya. Niliyapoza mafuta tena na tena, nikachuja chembe nyeupe kadiri nilivyoweza, nikaongeza mafuta ya inturusu, ile mikaratusi ya vilima vyetu. Chembe nilimpelekea Mzee Hamisi kwa kazi yake. Mama Asha alinusa kopo jipya kwa muda mrefu, akajipaka mwenyewe kifuani.

"Hii iko ya wazima, haiko ya maiti!" akapaza sauti. "Bamama, mukuje!"

Wakaja. Baadaye nilirudisha pipa na bomba kwa wenyewe, kila mmoja na kopo lake la dawa, na wale waliosema siwezi kuchemsha chai wakaja kununua.

Basi mwanangu, soma, tena soma sana. Mimi elimu imenifaa. Ila ukimfikia mtu na ujuzi wako, uliza kwanza amebeba nini moyoni, kisha ndipo ufungue kopo. Mungu akupe mikono inayoponya na masikio yenye subira, na nyumba yako isikose mgeni wa kumpa chai.