Maksai Walipigiwa Mluzi, Karani Alipigwa Ufagio

Msimu wa kulima kule kwetu Masieda ulianza na harufu. Kabla jua halijapanda, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, harufu ya mkojo wa maksai iliingia jikoni kupitia mlango ulioachwa wazi, nzito, ya moto, imechanganyika na samadi na moshi wa kuni. Baba alikuwa na maksai wanne, na hakumfunga hata mmoja nira kabla hajakojoa. Alisimama kando yao, mikono nyuma, koti lake la mitumba limefungwa vifungo hadi shingoni, akipiga mluzi wa chini usio na wimbo wowote. Hakuwa na haraka. Maksai wa kwanza alitanua miguu ya nyuma akaachia, mvuke ukapanda, kisha wa pili, mpaka wote wanne wakamaliza, ndipo baba akasema haya, twendeni. Hata shambani, mstari ukiwa katikati na wingu jeusi linakuja, maksai akisimama kukojoa kazi yote ilisimama. Siku moja kaka yangu Paulo, aliyekuwa na miaka kumi na sita na mkono mwepesi, alimchapa maksai aliyesimama namna hiyo. Baba alimnyang'anya fimbo akamuuliza mbele yetu sote, "Wewe ukiwa chooni nakuchapa?" Tulicheka sana siku hiyo, nami nilijivunia kuwa na baba anayejua kumheshimu mnyama. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na asije mtu akaniambia eti ni mambo ya zamani, niyaache.

Nyumbani kwetu palikuwa na dume mwingine ambaye hakuna aliyempigia mluzi. Alikuwa paka mweusi mwenye kifua cheupe, na aliitwa Karani. Jina alipewa na baba mwenyewe, kwa sababu tulipopima maharage alikaa kando akilifuata kila debe kwa macho, utadhani anaandika. Kazi yake ilikuwa stoo. Panya wa Masieda si panya wa kuchezea; jirani zetu wasio na paka walifika msimu wa kupanda wakakuta magunia ya mbegu yamebaki pumba na mavi ya panya, sisi mbegu zetu zilikuwa nzima. Kwa kazi hiyo Karani alipewa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa wakavu ambao mama aliwanunua mnadani, basi. Maji hakuna aliyemwekea. "Paka hanywi maji," tulisema nyumba nzima, kwa uhakika, kana kwamba tulimuuliza akatujibu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na niliyepewa kazi ya kusafisha shimo la majivu nyuma ya jiko, ambako Karani alienda haja, nilikuwa mimi. Nililichukia shimo lile, lakini lilinifundisha. Paka akikojoa kwenye majivu, majivu hushikana yakawa donge. Kila siku niliokota madonge mawili au matatu, na kwa madonge hayo nilimjua Karani kama baba alivyowajua maksai wake.

Alhamisi moja niliporudi shule nilimkuta amechuchumaa kwenye majivu, mgongo ameukunja, mkia unatetemeka. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Akainuka, akafukua mahali pengine, akachuchumaa tena, akainuka, akajilamba chini ya mkia kwa nguvu, akarudi palepale. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sauti ya njaa niliijua, na ya kugombana na madume ya jirani niliijua. Hii ilikuwa ya chini, ya kuvutwa, ya mtu anayeomba. Alipoondoka nilichokoa majivu yote kwa kijiti. Choo kikubwa kilikuwepo, cha kawaida kabisa, cha asubuhi ile. Donge hata moja halikuwepo. Nilikaa pale nikiwa na kijiti mkononi na nikajua, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba mkojo wake ulikuwa haujatoka tangu jana yake.

Ijumaa mama alimkuta amechuchumaa ndani ya ungo, ungo wenyewe ule wa kupepetea mbegu. Alikuwa ameacha matone matatu, mekundu kidogo, kama maji yaliyooshewa nyama. Sikuwahi kumwona mama amekasirika vile kwa sababu ya paka. Alimshika shingoni, akamsugua pua kwenye yale matone ili eti ajifunze, kisha akamtandika ufagio mpaka mlangoni. "Paka mshenzi! Majivu yote yale hayaoni?" Nilimwambia, "Mama, anaumwa. Mkojo wake hautoki." Mama akaninyooshea ungo usoni akaniuliza, "Hautoki, na huu ni nini?" Ningemjibu nini mtu anayeona matone matatu akasema ni mkojo? Mpaka leo nikikutana na mtu anayemchapa paka kwa sababu amekojoa kitandani au kwenye beseni, damu inanichemka. Paka ni mnyama anayefukia haja yake hata pale asipoonwa na mtu. Siku anapokojoa mahali pa ajabu, kwa matone, ana jambo la kukuambia, na wewe unamjibu kwa ufagio.

Jumamosi hakula. Nilimtia kwenye kikapu, nikamfunika na kitenge, nikatembea naye hadi josho, kwa kuwa niliwasikia wakubwa wakisema bwana mifugo atakuwepo kuogesha ng'ombe. Wanaume walikuwa wengi, na baba alikuwa miongoni mwao na ng'ombe wetu. Nilimwendea bwana mifugo moja kwa moja. "Shikamoo." "Marahaba. Umeniletea kuku?" "Hapana. Ni paka. Hakojoi." Josho zima liliangua kicheko. Bwana mifugo alijifuta mikono akasema, akiwatazama wanaume wala si mimi, "Binti, mimi ni bwana mifugo. Tangu lini paka ni mfugo?" Wakacheka tena. Baba alikuja akanichukulia kikapu. Aliingiza mkono chini ya kitenge, akampapasa Karani tumboni, na Karani akapiga ukelele uliowanyamazisha hata ng'ombe. Baba alibaki ameinama hivyo kidogo, mkono ukiwa ndani ya kikapu. Kisha akafunika, akanirudishia. "Amevimbiwa," alisema. "Nenda nyumbani, mama yako ampe magadi."

Magadi kwetu ndiyo dawa ya kila kitu kinachofura. Yanatoka kule chini ya mlima Hanang, kwenye ziwa la chumvi, na hakuna nyumba isiyo nayo. Ndama akivimba tumbo, anayeyushiwa magadi, anachanganyiwa mafuta, ananyweshwa. Mama alifanya hivyohivyo kwa kipimo kidogo. Mimi nilimshika Karani miguu, nikambana kati ya magoti yangu, nikamfungua mdomo. Nilifanya kwa bidii zote kwa sababu baba alikuwa amesema. Alitapika magadi, akatapika povu, akaenda kujikunja nyuma ya mawe ya kusagia. Nilikaa naye jioni yote nikimsugua tumbo ili uvimbe ushuke, na kila nilipomsugua alilia, na mimi nikadhani dawa inafanya kazi. Jumapili tulipotoka kanisani alikuwa amekufa, amekauka, macho wazi. Paulo alimshika mkia akaenda kumtupa korongoni. Nililia sana, na mama, aliyekuwa anamenya viazi, akaniambia, "Nyamaza, Veronika. Utapata mwingine."

Nimekuwa mwalimu hapa Katesh kwa miaka mingi sasa, na nimefuga paka wengine, na nimesoma na kuuliza mpaka nimeelewa. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Chenga mithili ya mchanga, au ute ulioganda, huiziba, na mkojo hauna pa kwenda. Kibofu kinajaa, sumu inarudi kwenye damu, na ndani ya siku chache moyo unasimama. Ndiyo maana anaingia na kutoka kwenye mchanga wake, anakaza, analia, anajilamba, anajificha, anakataa chakula, anatapika. Mtu akimwona anadhani amefunga choo. Dawa za nyumbani hazifai kitu hapo, na tumbo lile halisuguliwi wala kubinywa, maana kibofu kinaweza kupasuka. Anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, basi, wala hasubiriwi hadi kesho. Nilipoyajua haya niliumia kwa mikono yangu iliyomsugua Karani, lakini wazazi wangu niliwasamehe. Niliwaambia hata wanafunzi wangu: wazee wetu hawakujua. Nilikaa na msamaha huo kwa raha zangu miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita baba alikuja kwangu kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu, lakini mikono yake ni ileile. Asubuhi ya tatu, nikiwa najiandaa kwenda shule, nilimwona paka wetu, dume la rangi ya maji ya kunde ambalo wanangu walilipa jina la Chapati, ameingia kwenye beseni lake la mchanga, ametoka, ameingia tena. Mgongo umekunjwa, mkia unatetemeka. Niliangusha daftari za wanafunzi palepale mezani. Baba, aliyekuwa ameketi kibarazani anaota jua, alinisikia nikihangaika akaniambia nimletee huyo paka. Nilimweka mapajani pake. Alipitisha vidole chini ya tumbo, kwa upole, kama alivyowashika maksai.

"Huyu amefunga mkojo," alisema. "Kibofu hiki hapa, kigumu kama kiazi. Ni kama yule wa Masieda."

"Yule yupi, baba?"

"Karani. Siku ile ya josho. Kilikuwa hivihivi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba, ulijua?"

"Mtu aliyefuga ng'ombe miaka yote hiyo asijue kibofu? Hata maksai hufunga."

"Lakini ulisema amevimbiwa. Ulisema apewe magadi."

"Ningekuambia ukweli ungelia, ungetaka apelekwe Mbulu mjini. Nani angekupeleka, na mvua imeshaanza na shamba la juu bado?" Aliyasema haya bila aibu wala ukali, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. "Magadi yalikuwa ya kukutuliza wewe. Upate cha kufanya."

Nilimnyanyua Chapati kutoka mapajani pake nikamtia kikapuni. Ningesema neno, ningemvunjia heshima, na sikulelewa hivyo. Nilisimamisha bodaboda nikapanda, kikapu kikiwa mapajani, na jirani yangu anayeuza maandazi getini akanipigia kelele, "Mwalimu! Siku hizi hata paka wanalazwa?" na wateja wake wakacheka kicheko kilekile cha josho. Sikugeuka. Daktari wa mifugo ana chumba chake nyuma ya duka la dawa za mifugo, karibu na barabara kuu ya Singida. Ni dada kijana, hacheki. Alimchoma Chapati sindano ya usingizi, akaingiza mpira mwembamba ambao sikuamini kwamba unaweza kupita, akasukuma maji kidogo kidogo, na mara mkojo ukaanza kutiririka kwenye kibakuli, mwekundu, mwingi. Nilisimama pale mbele ya kibakuli nikalia, mtu mzima mimi. "Umemuwahi, mwalimu," aliniambia. "Wengi wanawaleta keshokutwa yake." Aliniambia pia nipunguze dagaa wakavu, chakula nikiloweke, na bakuli la maji lisikauke.

Njiani nilijiuliza ninachokasirikia hasa, maana Masieda ya wakati ule kweli haikuwa na daktari wa paka, na hata tungefika mjini sijui tungempata nani. Leo kuna lami, kuna simu, kuna yule dada na mpira wake, na bado watu wanacheka. Lakini hasira yangu haikuwa ya daktari. Baba angeweza kuniambia, anakufa, Veronika, hatuna pa kumpeleka. Ningelia, ndiyo. Ningemwekea gunia penye joto, nikamwacha afe bila ufagio na bila magadi, bila mimi kumbana magotini na kumsugua kile kibofu. Mtu aliyewasubiri maksai wanne kila asubuhi hakuweza kutoa neno moja la kweli kwa ajili ya paka na mtoto. Nimewatetea mbele ya wanafunzi kwa miaka yote hiyo kwamba hawakujua, kumbe aliyejua alikuwepo, na ndiye niliyemwamini kuliko wote.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, uso ameugeuzia upande wa mlio wa pikipiki. Hakusubiri hata niingie. "Amekojoa?" aliuliza. Nilipita kando yake. Nilimlaza Chapati kwenye sanduku lake, nikamwagia mimea maji ya jana yaliyokuwa kwenye bakuli, nikajaza mengine safi, polepole, nikimsikia baba akipapasa ukuta kunifuata. "Veronika. Nakuuliza, amekojoa?"

"Amekojoa, baba," nilimjibu. "Karani hakukojoa."