Diski Inayokaa kwa Bibi Nhạn

Saa moja na nusu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Diệu Hoài ameketi mbele ya kompyuta akifungua picha moja baada ya nyingine. Mzee mwenye kilemba cheusi. Bibi mwenye mkufu wa lulu za kuazima. Bwana aliyekunja uso kama aliyeonja ndimu. Hoài hatazami uzuri wa picha. Anatazama kama zinafunguka.

Ya mwisho ni ya kijana mmoja, na hiyo anakaa nayo kidogo. Kisha anachomoa diski, anaizungushia taulo, anaitia ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana, halafu analifunga kopo kwenye pikipiki pamoja na kichane cha ndizi na maua ya manjano.

Leo ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Huku kwetu, nje kidogo ya mji wa Huế, ni siku ya kuwalisha wafu wasio na kwao. Kwa Hoài ni pia siku ya kubadilisha diski.

Hoài ana miaka arobaini na saba, na kazi yake ni picha za madhabahu, zile za marehemu ambazo kila familia huziweka nyumbani na kuzifukizia udi. Nyumba zote za ukingo huu wa mto Bồ zimepitia mikononi mwake. Wengine humletea kipicha cha kitambulisho cha marehemu, kimepauka na kuliwa na mchwa, naye huketi nacho siku nzima mpaka uso urudi. Wengine huja wenyewe wakiwa hai na afya zao, wamevaa kanzu ndefu ya hariri, ili siku ikifika watoto wasihangaike.

"Mama, tabasamu kidogo," humwambia mteja.

"Nitabasamu nini? Kwani naenda harusini?"

"Watoto watakutazama kila siku."

"Haya, basi. Wasije wakaniogopa."

Picha moja, pamoja na fremu, ni dong laki tatu. Mwezi ukiwa mzuri huingiza milioni tisa, na mumewe, Lộc, huongezea kwa kupiga video za mazishi na karamu za kumbukumbu. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini zimesomesha mabinti wawili.

Mafaili yote hayo, picha na video za miaka kumi na minane, yalikuwa ndani ya kisanduku kimoja chenye diski mbili. Kila kilichoandikwa kwenye diski ya kwanza kilijiandika chenyewe kwenye ya pili. Hoài alilala usingizi wake bila wasiwasi. Diski moja ikifa, ya pili ipo.

Kisanduku chenyewe alikiweka juu ya rafu ukutani. Urefu wa rafu hakuuchagua ovyo. Kwenye nguzo kubwa ya nyumba ile kuna mstari uliochongwa kwa panga na baba mkwe wake, kuonyesha maji yalipofika katika gharika kubwa ya enzi zake. Nyumba nyingi za kwetu zina mstari kama huo, na tunauamini kuliko redio. Hoài aliipiga rafu misumari shubiri moja juu ya mstari.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, mto ulipanda tena. Watu walifanya wanachofanya siku zote. Vyombo vya madhabahu vilitangulia darini, kisha mchele, kisha nguruwe aliyefungwa miguu akipiga kelele. Hoài alikitazama kisanduku pale juu ya mstari na kuona kiko salama.

"Hata kukigusa sikukigusa," anasema. "Nilibeba mpaka sufuria. Sufuria, jamani."

Maji yaliupita mstari kwa shubiri mbili.

Yalipopungua, walishuka wakakuta kisanduku kimejaa tope jekundu. Lộc, ambaye ni mtu wa utani hata msibani, alisema, "Mzee wetu alichonga mstari wake. Maji hayakuambiwa." Halafu akachukua beleshi akaanza kuzoa tope.

Wiki iliyofuata watu walianza kuja. Madhabahu za chini zilikuwa zimeloa, fremu zimepasuka, nyuso zimebaki mabaka ya kijani. Kila mmoja alikuja na neno lilelile: dada Hoài, tuchapishie tena, faili si unalo? Zilikuwa kaya zaidi ya hamsini. Hoài aliwaambia wote ukweli. Wengine walilia, na mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimtukana mbele ya mumewe. Mimi simlaumu yule bwana. Alikuwa amempoteza baba yake mara ya pili.

Bibi Nhạn alikuja baada ya wote. Ni mama wa miaka sabini na moja, mdogo wa umbo, aliyekuwa akikaa kwenye nyumba ya mwisho kabisa karibu na maji. Mwanawe Khiêm alianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Sài Gòn miaka kumi na mitano iliyopita, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kabla hajaondoka kwenda kutafuta kazi alipiga picha moja dukani kwa Hoài. Nyingine chache zilikuwa kabatini mwa mama yake, na kabati lilikwenda na ukuta uliolishikilia.

Alisimama mlangoni, kofia ya majani mkononi.

"Mwanangu, nimekuja kumchukua Khiêm."

Hoài anasimulia haya akiwa amegeuza uso upande wa dirisha. "Hakusema picha," anasema. "Alisema Khiêm. Nilishindwa hata kumkaribisha chai."

Alichoweza kusema ni kwamba angejaribu. Alimwita kaka mkubwa wa marehemu, akampiga picha, akamwondolea mikunjo, akampunguza mashavu, akamrudisha kwenye umri wa miaka kumi na tisa. Ndivyo mafundi wa picha za madhabahu wanavyofanya pale marehemu anapokuwa hakuacha picha, na familia nyingi hushukuru. Bibi Nhạn aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Kijana mzuri," alisema. "Lakini simjui."

Akairudisha kwa heshima zote, akaenda zake.

Hapo ndipo Hoài alipozichukua zile diski mbili na kwenda mjini kwa Quýnh, fundi kijana ambaye kazi yake ni kuzifungua diski zilizokufa. Quýnh aliziweka mezani akazitazama kwa huruma ya daktari.

"Dada, ulikuwa na nakala ngapi?"

"Mbili."

"Zilikuwa wapi?"

"Humo kisandukuni."

"Basi ulikuwa na moja. Sanduku moja, rafu moja, nyumba moja, mto mmoja. Hata mwizi angekuja angebeba zote kwa mkono mmoja. Hata wewe ungefuta picha kwa bahati mbaya, ingefutika na kule."

"Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia."

"Wengi huambiwa wakishaniletea hapa."

Quýnh alikaa na diski hizo miezi miwili, akiziosha na kuzibadilisha vipuri. Alichookoa kilikuwa karibu theluthi moja. Video karibu zote zilikwenda. Miongoni mwa picha zilizorudi, nyingine zilikuwa nzima na nyingine zilifunguka vipande.

Ya Khiêm ilifunguka nusu. Paji la uso lipo. Macho yapo, na sikio la kushoto lililosimama kidogo kama la mtu anayesikiliza. Kuanzia chini ya pua ni kijivu kitupu mpaka ukingoni.

Hoài alimpelekea Bibi Nhạn picha hiyo kwenye nyumba yake mpya, ile aliyojengewa na bintiye juu ya vilima, mbali na mto. Alimweleza kwamba mdomo na kidevu angeweza kuvichukua kwa kaka, wala mtu asingeona tofauti.

Bibi Nhạn hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameweka kidole juu ya lile sikio.

"Usimguse," alisema. "Alivyorudi ndivyo alivyorudi."

Picha iko kwenye madhabahu ya nyumba ile mpaka leo, kwenye fremu nyeusi, nusu uso na nusu kijivu. Wageni hushtuka. Mwenyewe hapendi kuulizwa.

Baada ya hapo Hoài alianza kuchagua upya namna ya kuhifadhi, na safari hii alikuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Quýnh alimshauri aweke vitu mtandaoni. Alijaribu. Picha zilizokamilika ni nyepesi, zilipanda vizuri, na mpaka sasa ziko huko. Video na picha ghafi zilikuwa nzito mno. Kwa mtandao wa kijijini kwetu, hesabu ya kompyuta ilionyesha zingekwisha kupanda mwakani, mvua ikiruhusu.

Lộc naye hakupendezwa. "Mtandaoni ndiyo wapi?" aliuliza. "Nyumba ya nani? Nikitaka kumfuata mtu nimgongee mlango, nagonga wapi?"

"Kwa hiyo wewe unataka mlango," Hoài alimjibu.

"Nataka mlango. Na uwe juu ya kilima."

Walicheka, lakini neno hilo lilibaki kichwani mwa Hoài. Akanunua diski tatu za kawaida, za kununulika, badala ya sanduku lingine la bei kubwa. Moja ni ya kazi za kila siku. Ya pili inakaa darini, nayo hupokea nakala ya kila kitu. Ya tatu ilihitaji nyumba nyingine, mbali na mto, ya mtu ambaye hatasahau kuitunza.

Alikwenda kwa Bibi Nhạn akiwa na haya tele. Kumwomba kitu mtu uliyempotezea mtoto si jambo jepesi.

"Itakula nafasi kubwa?" Bibi aliuliza.

"Kama kitabu cha sala, mama."

"Inataka umeme?"

"Haitaki kitu. Inataka pakavu tu."

Bibi akafungua kabati lililo chini ya madhabahu, mbali na moshi wa udi, akasogeza bakuli za sikukuu. "Hapa," alisema.

Tangu siku hiyo, kila mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu, siku ambazo kila nyumba huwasha udi na hakuna anayezisahau, Hoài hupanda kilimani. Diski ya darini, ikiwa na nakala mpya, anampelekea Bibi. Iliyokuwa kwa Bibi anairudisha darini. Kabla ya kutoka hufungua picha kadhaa kwa macho yake, kwa sababu Quýnh alimwonya kwamba diski inaweza kufa kimyakimya bila kumwambia mtu.

Leo Bibi Nhạn ameandaa sinia uani: uji mwepesi kwenye vikombe vidogo, chumvi, mchele, viazi vitamu vya kuchemsha. Ni sinia kubwa kwa mwanamke anayeishi peke yake.

"Mama, uji wote huu wa nani?"

"Wa hao uliowaleta. Si uliniambia humo mna watu mia nane? Siwezi kumpa Khiêm nikawanyima wenzake."

"Wengine humo bado wako hai."

"Hao wale kwao."

Hoài ana mpango. Kabla mvua za mwezi wa kumi hazijaanza, anataka kupita mlango kwa mlango katika ukingo wote wa mto, azipige nakala picha za madhabahu ambazo hazina faili popote, bila malipo. Ameshamaliza vichochoro viwili. Wale hamsini ndio anaoanza nao, kwa picha zozote zilizowabakia, na yule bwana aliyemtukana amekuwa akimbebea taa.

"Sitaki mtu mwingine aje mlangoni kwangu aniulize nilichoulizwa," anasema.

Anatoa kopo kwenye pikipiki. Bibi Nhạn analipokea kwa mikono miwili, hajalifungua, amelishika tu kifuani.

"Yumo?"

"Yumo, mama. Nimemfungua asubuhi hii."

"Nusu?"

"Nusu."

Bibi anaitikia kwa kichwa. Anapiga magoti mbele ya kabati, anaingiza kopo mpaka nyuma kabisa, na kabla ya kufunga mlango anapitisha kiganja sakafuni mwa kabati, kuona kama ni pakavu.