Mgeni Aliyenyimwa Jembe

Mama yangu hakusomea biashara. Alisomea mama mkwe.

Bibi, mama yake baba, alikuja kwetu Mkonze, pembezoni mwa mji, baada ya kuanguka akichota maji kisimani huko kwao Mpwapwa na kuumia nyonga. Babu alikwishatangulia, na bibi alikuwa akiishi peke yake na mbuzi wasio na adabu. Alishuka kwenye bajaji, akaitazama nyumba yetu, akalitazama vumbi, akasalimia kwa kilugha, "Mbukwenyi," kisha akasema, "Hivi hapa ndipo mnapopaita mjini?" Hata maji ya kunywa alikuwa hajapewa.

Jioni mama alimpikia ugali wa sembe. Bibi akafinya tonge, akalirudisha sahanini. "Mkwe wangu, hii ni ya kula au ya kubandikia mabango?"

Mtu mwingine angenuna. Mama kesho yake alikwenda sokoni akarudi na gunia la uwele, akapepeta, akaosha, akaanika juu ya turubai, akapeleka mashineni. Bibi aliukubali ule unga kwa kutousema. Uliobaki mama aliufunga kwenye mifuko akawauzia majirani, watumishi waliohamia kutoka mikoani, ambao walidhani uwele ni chakula cha ndege mpaka walipouonja. Hapo mama akagundua siri yake: bibi akilalamika, biashara imezaliwa.

Bibi alisema karanga zetu zinataka meno, na yeye meno yake aliyaacha njiani. Mama akaanza kutengeneza siagi ya karanga, akaunguza blenda, akahamia kwenye kinu, na umeme wa kinu nikawa mimi. Bibi akasema baridi ya Julai inampanda miguuni bila hodi. Mama akafuma soksi huku akitazama tamthilia, na soksi iliyofumwa kwenye sehemu ya huzuni ikatoka ndefu kuliko mwenzake. Madereva wa bodaboda walizigombania hivyo hivyo. Bibi akasema jogoo wetu hajui saa. Mama akafungua biashara ya supu. Hiyo ilidumu asubuhi moja tu, maana jogoo alikuwa mmoja.

Baba, dereva wa ofisi fulani mjini, alianza kupata tabu kuvuka sebule. "Humu ndani naishi mimi au zinaishi bidhaa?" aliuliza. Sisi tukaendelea kufunga karanga.

Jambo moja tu mama hakulikubali: bibi kushika kazi. Bibi akigusa ungo, mama anapiga magoti na kuupokonya kwa heshima zote. "Mama, pumzika." Akishika ufagio, "Mama, jamani, watu watasemaje?" Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo mno, hata sauti yake haikumbuki. Huyu aliyempata ukubwani alimpenda kwa hofu, akataka kumtunza kama yai. Kwa hiyo bibi alishinda barazani kwenye kiti cha plastiki, akilalamika.

Sasa jioni moja tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda. Bibi akamaliza, akanawa, akasema, "Chakula kitamu sana. Asanteni."

Tonge la baba likabaki hewani. Mama akamgusa bibi paji la uso.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mlenda haukuzidi chumvi?"

"Ulikuwa sawa."

Niliogopa. Tangu aje, bibi hakuwahi kukutana na kitu kilicho sawa.

Asubuhi tulimkuta barazani kavaa khanga zake za safari, begi limefungwa kamba. Anarudi Mpwapwa. Baba akataja nyonga, akataja kisima, akauliza nani atamchotea maji. Bibi wala hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa hapa masika na kiangazi, jembe sijaliona. Basi bado ni mgeni, na mgeni huaga."

Nilidhani mama atalia. Badala yake alitoka getini mbio, soksi miguuni, moja ndefu na moja fupi, akadandia bodaboda bila kupatana nauli, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Baba akabaki mbele ya begi, kapanua mikono kama golikipa.

Mama alirudi na jembe jipya. Akalilaza miguuni pa bibi, akapiga magoti, akihema mno hata asiweze kusema.

"Wewe mwanamke!" baba akashika kichwa. "Unamfukuza mama yangu?"

Hata mimi nilishtuka, kwa sababu jembe mbele ya mgeni lina maana mbili, na moja si nzuri. Bibi akaliinua. Akalipima uzito. Akaukwaruza mpini kwa ukucha.

"Huu ni mti gani?" akauliza. "Utanichubua mikono. Na aliyeupachika alikuwa amelala."

Hapo ndipo mama akaangua kilio.

"Unalia nini? Nipe ule ungo. Kila siku macho yananiuma nikikuona unavyopepeta, uwele unaumwaga, makapi unayatunza." Kisha akanigeukia mimi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenza. "Na wewe, mke mwenzangu, hilo begi limekaa njiani kama ndilo lenye nyumba. Liondoe."

Nililikimbiza ndani kabla hajageuza nia. Nilipotoka, bibi alikuwa anapepeta, na mama alikuwa ameshika jembe, anaukwaruza mpini kwa ukucha wake mwenyewe. Baba aliliona lile jicho, akalijua.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "usithubutu."

"Mama," mama akauliza, "kwani mpini mzuri ni wa mti gani?"

Siku hizi baba akitaka kufika kwenye televisheni inabidi aruke mipini. Begi la bibi liko juu ya kabati, limejaa soksi zilizokosa wenzao. Juzi bibi alilitazama, akasema begi gani hilo linatia aibu nyumbani kwake, liuzwe.