Siku niliyomfunga kamba mama mkwe juu ya korongo

Wakuu, salaam kutoka kwenye baridi ya Lushoto. Watakaosema hii ni chai nawaruhusu, ila mguu wa mama mkwe wangu bado unamuuma mvua ikikaribia.

Mimi ni tour guide, natembeza wageni kwenye misitu ya huku. Mwaka jana nilihudhuria training ya kamba kule Soni: kupanda mwamba, kushuka, kumwokoa mtu aliyekwama.

Nikarudi kwetu Lukozi na kamba zangu, nikawa kichekesho cha mtaa. Kila nikipita naulizwa kama nimepata ng'ombe mpya.

Sasa elewa kitu. Huku ng'ombe wengi wanafugwa bandani, akina mama ndio wanaowakatia majani, na majani mazuri yako palepale pabaya, ukingoni mwa makorongo. Mzigo unafungwa kwa fundo moja ambalo kila mtu analijua toka utotoni: kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza. Kwa majani ni zuri sana. Kwa mbavu za mtu ni kitanzi.

La pili: kwetu mkwe haguswi. Mama mkwe namwamkia kwa mbali, mkono simpi, na njia ikiwa nyembamba mimi naingia shambani yeye apite. Sikuwahi kuona tatizo.

Mpaka asubuhi moja ya masika, mke wangu Mwanaidi alipokuja mbio kutoka kwao. Mama yake ameteleza akikata majani.

Nilimkuta Bi Zaina chini ya ukingo, amekaa kwenye kipande cha mwamba chenye upana wa kitanda, mguu umevimba. Chini yake korongo tupu. Ukungu unapanda, na udongo unamegeka pembeni yake.

Jirani yetu Hoza alishaandaa kamba ya katani amtupie, ajifunge kiunoni wamvute. Nikamzuia. Nikafunga kamba zangu kwenye mkaratusi, nikawapanga majirani washike, nikashuka.

Kufika tu, akanigeuzia mgongo na kujifunika kanga mpaka usoni.

"Shikamoo mama."

Ndiyo wakuu, nilimwamkia hapohapo. Ningefanyaje?

"Marahaba baba. Rudi juu."

"Mama, inabidi nikufunge kamba, kiunoni na mapajani."

"Wewe? Mapajani? Niache hapa hapa."

Hilo kwenye training hawakutufundisha. Kule tulifungana wenyewe kwa wenyewe, vijana watupu, huku tunacheka.

Nikaona tusibishane. Nikampa kamba ya pili, nikamwonyesha kwenye mwili wangu, polepole, naye akachungulia na kufuata juu ya kanga yake. Mikono yake ni hodari, amefunga mizigo maisha yake yote. Mapaja sawa, kiuno sawa. Fundo la mwisho likaja la majani.

"Mama, hilo siyo."

"Ndilo ninalolijua."

Akalifungua, akarudia, likaja lilelile. Udongo ukameguka tena, ukaondoka na mundu wake, tukausikia ukigonga mawe chini kabisa.

Niliogopa wakuu. Niliogopa korongo, na niliogopa kumvunjia heshima mama wa mke wangu huku mtaa mzima unatazama. Nikainua macho nikamwona Mwanaidi pale juu, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nikajua ni lawama ipi nitaweza kuishi nayo na ipi sitaweza.

"Nisamehe mama," nikasema, nikanyoosha mikono.

Akafumba macho. Nikamfunga fundo la nane, lenye umbo la namba 8, ambalo halimkazi mtu, nikalikagua, nikapiga kelele wavute.

Alifika juu salama. Mguu ulivunjika chini ya goti, akafungwa plasta.

Lakini tangu siku hiyo nikienda kumjulia hali anaitikia salamu akitazama ukuta. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Mwisho nikanunua doti ya kanga, nikaenda na Mwanaidi kuomba radhi. Nikakaa karibu na mlango, macho chini.

Bi Zaina akaipokea, akaiweka pembeni. Kisha akavuta kamba yake ya kufungia majani kutoka chini ya kitanda, akajifunga palepale alipokaa, na plasta yake. Mapaja, kiuno, fundo.

"Kagua," akasema. "Kwa macho."

Lilikuwa fundo la nane, safi kabisa.

"Ni sawa, mama."

"Mwanangu huyu ndiye kanifundisha," akasema, akimnyooshea kidole Mwanaidi, ambaye kumbe alikuwa ananiangalia nikifanya mazoezi uani. "Nilikuwa naona haya kukutazama kabla sijaliweza. Sasa wafundisheni na wenzangu. Siku nyingine mkwe ashushe kamba tu."

Basi sasa akina mama wa majani wanakutana uani kwake. Mwanaidi anawafunga, mimi nakaa mbali nakagua kwa macho. Hoza naye huja, anasema anapita tu.

Nilichojifunza: nilidhani nikijua mimi inatosha. Kumbe anayepaswa kulijua fundo kwanza ni yule anayekwenda ukingoni kila siku.

Mlio na wakwe, njooni tuongee. Ungekuwa wewe pale chini, ungesubiri aridhie mpaka lini?