Mzee Anayefoka Mwisho wa Wimbo

Nilimfuta babu yangu bila kujua, na leo mama ndiye aliyenikamata.

Mnanijua na ugonjwa wangu wa bendi zilizosahaulika. Juzi pale Shelui nikapata kaseti ya vijana wa Iguguno, bendi ambayo sijawahi kusikia redio yoyote ikiipiga.

Gitaa tamu, jamani!

Ila mwishoni kuna mzee anafoka kwa Kinyiramba mpaka anaufunika wimbo. Mimi mtoto wa mjini, wa Mandewa, Kinyiramba changu kinaishia kwenye salamu. Nilipouhamishia wimbo kwenye simu, mzee nikamkata.

Leo nikamsikilizisha mama, kwa mbwembwe zote.

Wimbo ulipoisha akaniuliza, "Mbona baba hayupo?"

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Hawa walirekodia uani kwetu. Mwishoni anawafokea, mbuzi wameingia kwenye alizeti na wao wanakuna nyuzi tu!"

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Namjua kwa picha moja. Sauti yake sikuwahi kuisikia.

Nikairudisha kaseti kwenye redio mbio mbio. Mama alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasema, "Rudisha tena."

Basi wimbo huu hapa, mzima. Sikilizeni vijana wanavyoendelea kupiga huku wanafokewa!

Na asije mtu kwenye komenti kuniambia nimtoe huyo mzee.

Haya, nani mwingine hapa babu yake ana rekodi?